Mwalimu Aliyebaki Nje Kule Kasubi

Mheshimiwa Diwani wa wadi yetu, Bwana Chifu, Bwana Afisa wa Elimu wa kanda, Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, Mchungaji uliyetufungulia kwa sala, walimu wenzangu, wazazi wa Mashimoni na nyinyi mliotoka mitaa ya Ayany na Olympic, wageni wetu wa Kawangware, watoto wangu mliokaa juani bila kunung'unika, na wewe Mwalimu Wanzala, uliyevalishwa suti na mkeo kwa nguvu: hamjambo?

Mmejibu kama watu wenye njaa. Kama nimeruka cheo cha mtu, anikumbushe wakati wa pilau, nami nitamwongezea kipande cha nyama. Pilau ipo, nimeionja mwenyewe, na akina mama wa jikoni wameniomba niseme kwa ufupi. Nitajaribu. Lakini nyinyi mnanijua. Wanafunzi wananiita Madam Kasorobo, wanadhani sijui, kwa sababu ikifika saa mbili kasorobo lango langu limefungwa, na aliye nje atabaki nje hata akiwa mtoto wa Diwani. Leo nimekuja kuzungumza habari ya mtu mwingine aliyebaki nje, na nikimaliza, baadhi yenu hamtanipenda kama mlivyonipenda asubuhi. Sawa. Nisikilizeni tu.

Mwalimu Wanzala amefundisha miaka thelathini na moja, ishirini na miwili kati ya hiyo katika shule yetu hii ya Mtoni Juu, hapa Kibera. Amefundisha jiografia, historia na uraia. Ni nani hapa hajamwona akichora ramani ya Afrika Mashariki ubaoni kwa chaki moja, bila kutazama kitabu, huku akiwagombeza walio nyuma? Anaanzia pwani, anapanda, anazunguka ziwa, na akifika mto Nile anaubonyeza kwa chaki mpaka chaki inakatika. Tumenunua chaki nyingi kwa sababu ya mto Nile. Hata mlinzi wetu wa lango, ambaye hakupita darasa la tatu, anaweza kukutajia mto huo unaanzia wapi.

Na mtu huyu, mabibi na mabwana, alikuwa hajauona. Kwao ni Samia, karibu kabisa na mpaka. Amefika soko la Busia upande wa pili, akanunua ndizi, akarudi. Ujana wake ulikuta Uganda ina vita, na utu uzima wake ukakuta ana watoto saba wa kusomesha. Kwa hiyo alifundisha vitu vya kitabuni mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka alikuja ofisini kwangu na barua ileile ya kuomba safari, nami nikiiweka kwenye trei ileile.

Agosti ya mwaka tisini na sita, nilimkubalia. Nisijisifu, nilimkubalia kwa sababu kanisa moja la Kawangware lilijitolea kutupa basi pamoja na dereva, Bwana Mutie, yule pale anayejificha nyuma ya mchungaji wake. Tulikuwa wanafunzi thelathini na wanane wa darasa la saba, na walimu watatu: mimi, Mwalimu Wanzala, na Mwalimu Munyao, ambaye wakati huo alikuwa hata hajaanza kunyoa ndevu. Safari ya siku nne. Chifu alitia sahihi, wazazi walitia sahihi, na pale mpakani afisa alituhesabu mara tatu, kila mara akipata jibu tofauti, mpaka Mwalimu Wanzala akawapanga watoto kama gwaride la sikukuu ya Madaraka.

Tulifika Jinja. Watoto wetu walisimama pale maji yanapotoka ziwani na kuanza safari yake ya kwenda Misri, wakaacha kusukumana. Mnajua si kawaida yao. Kisha Austine, ambaye mamake anauza maji pale karibu na reli, akainua mkono kama yuko darasani, akamuuliza kijana aliyekuwa akitutembeza: "Kwani hii maji haipoteangi?" Yule kijana hakuelewa. Austine akamweleza kwamba kwetu maji hupotea Jumanne yakarudi Ijumaa, na yakipotea foleni inafika mpaka kanisani. "Na nani anauzanga hii?" Kijana akasema hakuna anayeuza, ni mto. Watoto wakatazamana. Nikamwona Mwalimu Wanzala amegeuza uso, akifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Jioni hiyo tuliposhuka Kampala kulala katika madarasa ya shule iliyotukaribisha, alinijia. Akasema, "Madam, mto nimeuona, namshukuru Mungu. Lakini mto ni maji. Kesho ni Kasubi." Ndipo nikajua kwamba safari yote, kwake, ilikuwa ni Kasubi. Wale ambao hamkupita kwenye darasa lake, Kasubi ni kilima cha Kampala walikozikwa wafalme wanne wa Buganda, ndani ya nyumba kubwa ya msonge iliyoezekwa kwa nyasi. Alikuwa ameifundisha nyumba hiyo tangu ana nywele kichwani. Aliijua kwa picha moja ndogo ya kitabu, tena picha ya nje. Alikuwa amenunua daftari jipya kwa ajili ya siku hiyo, na usiku alilipiga pasi shati lake kwa kulilalia.

Sasa nawaambia nilichokiona mimi kwa macho yangu. Asubuhi Dalmas aliamka na tumbo. Alikuwa amekutana na fenesi kwa mara ya kwanza maishani, na hawakuachana vizuri. Nikabaki naye katika zahanati, wengine wakatangulia Kasubi na walimu wawili. Nilipofika saa moja baadaye, nikamwona Mwalimu Wanzala ameketi chini kwenye mkeka, nje, ameipa mgongo ile nyumba, wanamenya njugu na kuzungumza yeye na mzee wa mlangoni. Mbele yake viatu vya watoto vimepangwa mistari, kila jozi imefungwa kamba kwa kamba. Vile viatu niliviona. Nilivitazama na nikapita.

Nikamuuliza, "Mwalimu, watoto wako wapi?"

"Wako ndani na Munyao, madam."

"Na wewe?"

"Mimi nimechoka kidogo."

Nikamwambia ainuke twende kumsalimu msimamizi wa mahali pale, maana nilikuwa nimemletea barua ya shukrani na nilitaka twende kama ujumbe wa shule. Akanitazama. Akasema, "Samahani, madam. Siwezi kutoka hapa." Nikarudia agizo, sasa kwa sauti ambayo wanafunzi wanaijua. Akarudia jibu. Mzee wa mlangoni akaacha kumenya njugu. Mbele ya mgeni! Mimi, mwalimu mkuu, nakataliwa mbele ya mgeni na mtu anayekula njugu! Nilikasirika mpaka sikuingia mle ndani. Nilirudi kwenye basi nikakaa na Dalmas na ndoo yake.

Njiani kurudi Nairobi sikumsemesha. Na siku iliyofuata niliketi nikaandika ripoti ya kurasa mbili, kwa mkono wangu, nikaipeleka ofisi ya elimu. Niliandika kwamba mwalimu huyu ameonyesha uchovu na kutojali, kwamba aliwaacha wanafunzi mahali pa historia akaketi kupiga soga, na kwamba alikaidi agizo halali la mkuu wake. Muhula huo jina lake lilikuwa limependekezwa awe naibu wa mwalimu mkuu. Mliokuwa kwenye kamati mnakumbuka. Mnakumbuka pia kwamba jina hilo liliondolewa, na mkauliza kwa nini, nami nikawajibu kwamba ni siri ya ofisi. Alipopewa nakala ya ripoti atie sahihi, aliandika "Nimesoma," akatia sahihi, akaenda darasa la sita kuchora ramani.

Mnaguna. Hata mimi ningeguna.

Mwezi wa tano mwaka huu, mama mmoja aliingia ofisini kwangu, Mama Trizah, jina lake Magdaline, anayekaa kule chini karibu na kioski cha maji. Alikuja kumwandikisha kitinda mimba wake. Tukamaliza fomu, lakini hakuondoka. Akasema, "Madam, kabla sijaenda, naomba kumsalimia yule mwalimu alinilindia viatu." Nikauliza, viatu gani? Akacheka, akadhani namtania. Kisha akaona sitanii, akaketi tena, akanisimulia.

Naye amenipa ruhusa niseme haya hapa. Nilimwendea nyumbani kumwomba, nikamwambia anaweza kukataa. Akanijibu, "Sema, madam. Hivyo viatu vishatoboka, aibu yake ilishapitia kwenye shimo." Asante, Mama Trizah. Simama watu wakuone. Huyo ndiye.

Mwaka ule, mama huyu alikuwa akifulia watu nguo huko Ayany. Akapata kazi ya kusafisha ofisi mjini, kazi ya mwezi, yenye mshahara na likizo. Masharti yalikuwa machache, na mojawapo ni viatu vyeusi vya kufunika vidole. Akavitafuta mpaka akavipata, jozi moja. Angeanza kazi Jumatatu. Safari yetu ilikuwa Alhamisi mpaka Jumapili. Na Trizah, bintiye wa darasa la saba, hakuwa na viatu vya safari. Ninyi mnaolea mabinti mngefanya nini? Alimpa vile vyeusi, akajaza karatasi za gazeti mbele visimpwaye, akamwambia, "Virudi."

Basi walifika pale Kasubi, na desturi ya pale ni kwamba huingii kwa wafalme na viatu. Unavivua unaviacha nje. Jambo dogo, sivyo? Kwa watu wengine ni dogo. Lakini hawa ni watoto wa Mashimoni! Hebu niambieni, ni nani kati yenu ameacha viatu nje ya mlango usiku, akavikuta asubuhi? Kwetu kiatu ukikiacha nje umekiaga. Kwa hiyo watoto wetu walivua viatu kwa adabu kabisa, kama walivyoambiwa, na kila mmoja akavitia ndani ya sweta. Wakajipanga mlangoni, thelathini na saba, wote wamevimba vifua.

Mzee wa mlangoni akauliza hawa watoto wana ugonjwa gani. Akapapasa sweta moja, akakuta viatu. Akasema hapana, kiatu hakiingii, hata kikibebwa, hata kikifichwa. Ni kukosa heshima kwa waliolala. Wachache wakaanza kuvitoa. Lakini Trizah akatoka kwenye mstari, akakaa chini, akavikumbatia. Akasema, "Mwalimu, siwezi acha. Ni za mathe. Anaanza job Monday." Mwalimu akamwambia hapa hakuna mwizi. Akajibu, "Hata kwetu wanasemanga hivyo." Waliomsikia nao wakarudisha viatu vyao kwenye sweta, maana kama Trizah, msichana mwerevu kuliko wote, haamini, wao ni nani waamini? Mstari wote ukakwama. Mzee akaanza kukunja uso. Wageni wengine walikuwa nyuma wakisubiri.

Mwalimu Wanzala akatazama ule mlango. Alikuwa hatua sita kutoka kwenye ule mlango, Trizah ameniambia, alizihesabu. Alikuwa na daftari lake jipya mkononi. Kisha akaketi kwenye mkeka, akasema, "Leteni. Vifungeni kamba, viwili viwili. Mimi nitakaa navyo."

Trizah akauliza, "Na ukiitwa?"

"Sitoki."

"Na ukiitwa na madam?"

"Hata madam. Ingia, mwanangu."

Nami nikaja nikamwita.

Nilipomaliza kusikia hayo, nilimwita Mwalimu Munyao, nikamuuliza kwa nini hakuniambia hata siku moja. Akasema, "Madam, nilidhani wewe ndiye uliyempa ile zamu." Alidhani nina akili kiasi hicho.

Nawaambia kweli, nilikaa na maneno haya kuanzia Mei hadi Julai kama mtu aliyekwamwa na mfupa wa samaki kooni. Wenzetu wa ziwani wanajua: hauui, lakini huli vizuri. Nilikuwa nikimwona akipita uwanjani na chaki zake nakumbuka nina kazi ya haraka kabatini. Mimi ninayewafungia watoto lango kwa kuchelewa dakika mbili, nilichelewa miezi miwili kumwambia mtu mzima pole. Hatimaye nilimwita. Nikamwomba msamaha nikiwa nimesimama. Nikamuuliza, Mwalimu, kwa nini hukujitetea? Ungenieleza kwa sentensi moja tu!

Akavua miwani. Akasema, "Madam, ningekueleza, ningemtaja mama wa mtoto. Siku ile alikuwa na siku mbili tu aanze kazi, na maneno ya shule hayakai shuleni. Kuna mambo ukiyaeleza unamvua mtu mwingine nguo." Halafu akaniuliza kama chaki za muhula zimefika.

Bwana Afisa wa Elimu, nakuomba unisikie vizuri hapa. Ile ripoti nimeifuta. Barua ya kuifuta ninayo, nimeiandika kwa mkono uleule, nakala utaondoka nayo leo, nyingine itakaa kwenye faili lake, na nyingine Mwalimu ataipeleka Samia, awalishe mbuzi akipenda. Nimeandika humo kwamba nilisema uongo kuhusu mtu mwaminifu, kwa sababu ya hasira na kwa kutouliza. Najua cheo hakirudi. Anastaafu akiwa mwalimu wa darasa, na mshahara wa miaka miwili ile umekwenda na maji. Hilo siwezi kulirekebisha, na sitaki mtu yeyote baadaye kwenye pilau aje aniambie kwamba yote yameisha vizuri. Hayajaisha yote. Ila Mama Trizah aliingia kazini Jumatatu ile saa moja asubuhi, na mpaka leo yuko kazini, sasa ndiye msimamizi wa wenzake kumi na wawili, na Trizah yuko kidato cha kwanza. Hilo Mwalimu alilinunua akijua bei yake, na sijawahi kumsikia akilijutia.

Zawadi zipo, Mwenyekiti atazitaja, maana yeye ndiye aliyezunguka kuzikusanya na anastahili makofi yake. Mimi nina deni moja la mwisho.

Tuliporudi kutoka Uganda, watoto walitaka kumsimulia Mwalimu kwenye basi yale waliyoyaona. Akawakatalia. Akasema, "Mtaniandikia. Nataka nisome polepole." Akawapa insha, kichwa chake "Nilichokiona Ndani," akasisitiza: ya ndani tu, ya nje msiandike. Waliziandika. Nami, kabla hajazigusa, nilizichukua. Ndiyo. Nilizichukua ziwe ushahidi, nione kama watoto watasema mwalimu wao hakuwepo. Nikasoma mbili tatu, sikuona habari ya maana, nikaona tu kwamba hawa watoto hawajui kuandika insha, wanaandika kama barua. Nikazifungia kabatini pamoja na nakala ya ripoti. Yeye aliziulizia mara moja tu, hakurudia.

Mwezi wa tano, alipoondoka Mama Trizah, nilifungua kabati nikazisoma zote thelathini na saba. Kila moja, jamani, kila moja, hata ya Austine ambaye mnaujua mwandiko wake, inaanza kwa neno "Mwalimu." Walikuwa wakimwandikia yeye. Walikuwa wamezunguka mle ndani wakitazama kwa niaba yake, huyu amehesabu pete za dari, huyu mikuki, huyu amekariri picha za wafalme kwa mpangilio, ili mtu aliyekaa nje na viatu vyao asikose kitu.

Mwalimu Wanzala, daftari hizi hapa. Wenye daftari nimewatafuta Kibera nzima na Kawangware, na ishirini na tisa kati yao wamesimama pale nyuma na sare za shule zao mpya. Kalamu nyekundu hii, nimekununulia mwenyewe. Mimi pia sikuingia mle, kwa hiyo niruhusu nikae hapa chini kwenye mkeka huu niliokuja nao, nisikilize pamoja nawe.

Mheshimiwa, Bwana Chifu, wazazi na wageni wote, nawashukuru kwa kunitegea sikio na kwa kutonizomea nilipostahili. Pilau itasubiri kidogo. Trizah mwanangu, njoo mbele, simama upande wake wa kulia, ndilo sikio linalosikia. Fungua. Soma kwa sauti, kama ulivyoandika:

"Mwalimu, twende, nitakuonyesha kuanzia mlangoni."